Kijana Ajazaye Ritani za Kodi za Watu: Maswali Kwanza, Kompyuta Baadaye

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Mei hata siku ya mwisho ya Juni, hutokea katika miji ya Kenya, mikubwa kwa midogo, kazi yenye msimu wake kama uchumaji wa kahawa ulivyo na msimu wake. Ni kazi ya kujaza ritani za kodi ya mapato kwa niaba ya watu wengine. Walimu, wauguzi, askari, makarani wa kaunti, wenye maduka na wakulima huingia katika vyumba vya kompyuta ambavyo watu huviita saiba, na kumwambia kijana aliyeketi humo, "Nijazie ritani." Kijana huomba namba ya PIN na neno la siri, hubonyeza mara chache, na baada ya muda mfupi hutoa karatasi ya stakabadhi. Mteja hulipa ada, huikunja karatasi yake, akaenda zake na moyo uliotulia.

Mara nyingi utulivu huo hauna msingi. Stakabadhi ya Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, ijulikanayo kwa herufi zake KRA, yaonyesha kwamba ritani imepokewa tu. Haisemi kwamba ritani ni sahihi. Kosa lililomo hulala kimya ndani ya mashine mwaka mmoja, miwili au minne, kisha huamka siku mteja anapotaka cheti cha kuonyesha kwamba hana deni la kodi ili aajiriwe au apewe zabuni. Siku hiyo yule kijana wa saiba aghalabu hayuko tena. Amehamia Nairobi, au amefungua duka la simu. Anayebaki na deni ni mwenye PIN.

Basi makala haya yahusu vijana wanaoianza kazi hiyo, na yafaa pia kwa wale wanaowapelekea hesabu zao. Kazi yenyewe ni ya heshima na ina riziki ndani yake. Lakini si kazi ya kupiga chapa. Ajuaye kuandika upesi bila kujua kuuliza hawezi kuifanya, hata kompyuta yake iwe nzuri namna gani.

Wazee wanakumbuka au wamesimuliwa kwamba chini ya kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwaka 1901, mlipa kodi hakuwa na hesabu ya kufanya. Mtozaji alikuja, akahesabu nyumba, akadai fedha. Kodi ya mapato iliingia nchini mwaka 1937 na ilikuwa na desturi nyingine, na Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, ilianza kazi Januari 1974 na imerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Siku hizi mwenye mapato ndiye anayejihesabia, anayetangaza na anayelipa. Serikali hukagua baadaye. Ndiyo sababu ritani ni ushuhuda wa mtu juu ya nafsi yake. Anayemjazia mwenziwe ritani anashika kalamu ya shahidi.

Kwa hiyo sheria haikuiacha kazi hii wazi kwa kila mtu. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 yataka wakala wa kodi awe na leseni, na iko kamati inayochunguza sifa za waombaji. Kijana asiye na leseni afanye kazi chini ya mkono wa mwenye leseni, kama fundi mwanafunzi akaavyo karibu na fundi wake, mpaka atakapohitimu. Jambo hili husahauliwa sana mwezi wa Juni, wakati kila mwenye kompyuta anapojitangaza kuwa mtaalamu wa kodi kwa kibao cha karatasi mlangoni.

RITANI YA SUFURI

Kosa lililoenea kuliko yote ni ritani ya sufuri, yaani ile inayotangaza kwamba mtu hakupata mapato yo yote mwaka mzima. Imewekwa kwa ajili ya mwanafunzi wa chuo aliyechukua PIN ili aombe mkopo wa masomo, au mtu aliyekaa mwaka mzima bila kazi wala biashara. Hao nao yawapasa kutuma ritani, kwa kuwa PIN yao imeandikwa wajibu huo. Ritani hiyo ni fupi mno, haina hesabu, na humalizika kabla chai haijapoa. Hapo ndipo penye mtego. Kijana mwenye foleni ya watu ishirini mlangoni huona kwamba akijaza sufuri kwa wote atamaliza kabla ya jioni, na mteja asiyejua hataona tofauti, maana stakabadhi ni stakabadhi.

Lakini mwalimu aliyekatwa kodi katika mshahara wake kila mwezi hana sufuri. Mwajiri wake ametuma KRA jina lake, PIN yake na kodi aliyokatwa, na hesabu hiyo hupelekwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Basi katika mashine ileile kuna habari mbili zisizopatana: mwajiri anasema mtu huyu alilipwa, na mtu mwenyewe anasema hakulipwa kitu. Wengine hujitetea kwa kusema kwamba kodi imekwisha kukatwa, hivyo serikali haikupunjwa. Ni kweli kwamba fedha ilifika. Hata hivyo tamko ni la uongo, na huwezi kulifuta kwa kusema kwamba hukukusudia. Sheria ya mwaka 2015 iliweka adhabu kwa tamko la uongo lililoleta upungufu wa kodi: asilimia 75 ya upungufu huo ikiwa ni kwa makusudi, na asilimia 20 ikiwa si kwa makusudi. Mwalimu mwenye mshahara mmoja tu huenda asiwe na upungufu. Mwalimu mwenye nyumba za kupangisha anao, na kijana aliyemwandikia sufuri hakumwuliza kama anazo.

Swali la kwanza basi liwe hili: "Mwalimu, mwaka uliopita ulipata fedha kutoka wapi na wapi?" Lisiwe, "Je, unataka sufuri?" Swali la pili humfundisha mteja jibu.

KARATASI YA P9

Kwa mtu wa mshahara, mlango wa kuingilia ni karatasi ya P9, ambayo mwajiri humpa mfanyakazi baada ya mwaka kwisha. Ina safu nyingi na miezi kumi na miwili, na kwa mgeni inaonekana kama shamba la mahindi lisilopaliliwa. Lakini mwenye kuisoma kwa utaratibu ataona kwamba inasimulia habari moja tu, kutoka kushoto kwenda kulia: mtu alilipwa kiasi gani, kiasi gani hakitozwi kodi kwa kuwa kimekwenda katika akiba ya uzeeni, kilichobaki ni kiasi gani, kodi yake ni ngapi, akapewa nafuu gani, na mwisho akakatwa nini hasa.

Tuchukue hesabu ya mwaka 2024. Mtu wa mapato yanayotozwa kodi Sh. 50,000 kwa mwezi alikuwa na Sh. 600,000 kwa mwaka. Ngazi ya kwanza, Sh. 288,000, ilitozwa asilimia 10, nayo ni Sh. 28,800. Ngazi ya pili, Sh. 100,000, ilitozwa asilimia 25, nayo ni Sh. 25,000. Zilizobaki, Sh. 212,000, zilitozwa asilimia 30, nazo ni Sh. 63,600. Jumla ya kodi ni Sh. 117,400. Kisha kila mkazi ana nafuu yake ya Sh. 2,400 kwa mwezi, yaani Sh. 28,800 kwa mwaka. Ukiiondoa, kodi aliyokatwa ni Sh. 88,600.

Hapa ndipo wanafunzi wengi wa kazi hii huanguka. P9 ina safu ya kodi iliyotozwa, 117,400, na upande wake wa kulia safu ya kodi iliyokatwa, 88,600. Ritani inataka ile ya pili. Kijana mwenye haraka huandika ile ya kwanza, na kompyuta, ambayo haina aibu, hutoa nafuu tena kwa mara ya pili na kutangaza kwamba serikali inadaiwa na mteja Sh. 28,800. Mteja hufurahi. Kijana hujiona ameleta baraka. Ukiona ritani ya mtu wa mshahara mmoja tu inadai kurudishiwa Sh. 28,800 barabara, usiitume. Umesoma safu isiyo yake.

Yako makosa mengine madogo yanayofanana na hilo. Mtu huandika mshahara wa mwezi mahali pa mshahara wa mwaka. Mwingine huandika fedha yote aliyolipwa mahali pa fedha itozwayo kodi, na kuisahau akiba ya uzeeni. Mwingine hunakili vibaya PIN ya mwajiri, ambayo huanza kwa herufi P ikiwa ni kampuni au shirika, wakati ile ya mtu binafsi huanza kwa herufi A. Dawa ya haya yote ni moja: P9 iwe mezani, imechapishwa, na kidole kifuate mstari. Haifai kujaza kutoka kwa picha yenye ukungu iliyotumwa kwa simu, wala kutoka kwa kumbukumbu ya mteja juu ya mshahara wake. Watu wengi hukumbuka fedha iliyofika benki, si fedha waliyolipwa.

Nafuu ya bima nayo huulizwa sana. Aliyelipa bima ya maisha, ya elimu au ya afya aweza kupata nafuu ya asilimia 15 ya alicholipa, isiyozidi Sh. 60,000 kwa mwaka, mradi awe na hati ya kampuni ya bima. Bima ya gari haimo. Mkopo wa Sacco uliochukuliwa kulipia karo haupunguzi kodi, hata mteja akisisitiza kwamba jirani yake alipunguziwa.

MISHAHARA MIWILI

Fikiri sasa juu ya yule mtu wa Sh. 50,000 kwa mwezi, naye jioni anafundisha katika chuo kidogo kinachomlipa Sh. 20,000 kwa mwezi. Chuo hicho, kikimhesabia peke yake, kilipata Sh. 240,000 kwa mwaka. Kodi yake kwa asilimia 10 ni Sh. 24,000, na baada ya nafuu haikubaki kitu. P9 ya pili inaonyesha kodi sufuri. Mteja huiacha nyumbani, akidhani kwamba karatasi isiyo na kodi haina kazi.

Lakini sheria humhesabia mtu mapato yake yote kwa pamoja, na nafuu humpa mara moja tu. Jumla ni Sh. 840,000. Kodi ya ngazi mbili za kwanza ni ileile Sh. 53,800, zilizobaki Sh. 452,000 kwa asilimia 30 ni Sh. 135,600, jumla Sh. 189,400. Ondoa nafuu moja, Sh. 28,800, inabaki Sh. 160,600. Alikwisha kukatwa Sh. 88,600. Anadaiwa Sh. 72,000.

Hiyo ni zaidi ya mshahara wa mwezi mzima, na mteja hakuitazamia. Atakasirika, na atamkasirikia kijana, si sheria. Atasema kwamba mwenzake mwenye kazi mbili vilevile amejaziwa kwingine bila deni. Kijana atajaribiwa kuiacha P9 ya pili ili apate amani na ada yake. Hapo ndipo kazi inapompima. Hana ruhusa ya kuificha, na wala haimsaidii mteja kufichwa, kwa kuwa chuo kile nacho kimetuma jina lake na PIN yake kama alivyotuma mwajiri wa kwanza. Deni lisipolipwa mpaka Aprili 30, huongezwa adhabu ya asilimia 5, nayo kwa Sh. 72,000 ni Sh. 3,600, na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi, yaani Sh. 720. Mteja aliyeambiwa habari hii mwezi wa Februari ana miezi miwili au zaidi ya kutafuta fedha. Aliyeambiwa tarehe 29 Juni amekwisha kuchelewa. Kuanza mapema, ambako makarani wengi hukudhani kuwa ni unyofu wa wazungu wa ofisini tu, kuna thamani ya fedha.

Hali hiyohiyo humpata aliyehama kazi katikati ya mwaka, ingawa kwa kadiri ndogo. Ana P9 mbili, moja ya kila mwajiri, na zote mbili hujazwa katika ritani moja. Swali la kumwuliza ni jepesi: "Januari ulikuwa unafanya kazi wapi? Na Desemba je?"

PLOTI, DUKA NA SHAMBA

Watu wengi wa Kenya hawaishi kwa mshahara peke yake. Karani ana vyumba vya kupangisha pembeni mwa mji, mkewe ana duka, na nyumbani kuna ng'ombe na majani ya chai. Kila mfuko wa fedha hizi una kanuni yake, na kosa kubwa la mwanafunzi ni kuzimimina zote katika chungu kimoja.

Kodi ya nyumba za makazi, kwa mwenye kupata kati ya Sh. 288,000 na Sh. 15,000,000 kwa mwaka, hutangazwa na kulipwa kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Kiwango kilishushwa kutoka asilimia 10 hadi 7.5 kuanzia Januari 2024. Mwenye kupokea Sh. 30,000 kwa mwezi hulipa Sh. 2,250. Hutozwa juu ya kodi yote aliyopokea, bila kuondoa gharama ya rangi, ya maji wala ya mlinzi; na akiisha kulipa, yamekwisha. Haiongezwi tena juu ya mshahara mwisho wa mwaka. Wako vijana wanaoiongeza, na mteja hulipa mara mbili. Wako wasioitaja kabisa, na mteja hukaa na deni la miezi kumi na miwili. Hali kadhalika riba ya akiba ya benki: benki imekwisha kukata asilimia 15, na kwa mtu binafsi hiyo ndiyo kodi ya mwisho.

Duka lenye mauzo ya zaidi ya Sh. 1,000,000 lakini yasiyozidi Sh. 25,000,000 kwa mwaka huingia katika kodi ya mauzo, ambayo tangu Julai 2023 ilikuwa asilimia 3, nayo hulipwa kila mwezi. Hapa neno ni mauzo. Mwenye duka akiulizwa "Ulipata ngapi?" atajibu faida, kwa sababu ndiyo aliyoiona mfukoni. Mauzo ya Sh. 1,800,000 ni kodi ya Sh. 54,000, hata kama faida ilikuwa haba. Kwa mwenye faida ndogo sana kodi hii ni nzito, na sheria humruhusu kumwandikia Kamishna aondoke katika utaratibu huo na kuhesabiwa kwa faida, mradi awe na vitabu. Bila vitabu, ruhusa hiyo haimfai kitu.

Taarifa ya M-Pesa ya duka husaidia kupima kama jumla aliyotaja mteja ni ya kweli. Lakini isisomwe kwa upofu. Fedha iliyoingia kwa simu si yote mapato: humo mna mkopo, zamu ya chama, na fedha mtoto aliyoitumia nyumbani kwa ajili ya matanga. Kila kiasi kikubwa kiulizwe asili yake, na jibu liandikwe pembeni kwa kalamu.

Shamba nalo lina jambo lake, na ni jambo ambalo hata makarani wazoefu hulikosea. Faida ya shamba ni mapato kama mengine. Fedha ya chai ya kila mwezi na ile bonasi ya mwisho huingia. Mbolea, dawa na ujira wa wachumaji hutoka. Kinachobaki ndicho hutozwa. Lakini shamba likipata hasara, hasara hiyo haiondolewi katika mshahara. Tuseme karani alifuga kuku, wakafa kwa ugonjwa, akapoteza Sh. 90,000. Kijana mwenye huruma huziondoa Sh. 90,000 hizo katika mshahara wa karani na kumwombea arudishiwe kodi. Sheria imeyagawa mapato kwa asili zake: ajira ni asili moja, kodi ya nyumba ni nyingine, kilimo na ufugaji ni nyingine. Hasara ya asili moja hungojea faida ya asili ileile katika miaka ijayo, kwa muda ulioruhusiwa. Kuku hawezi kumla ng'ombe. Kwa hiyo hasara ya mwaka huu iandikwe vizuri katika ritani, hata kama haipunguzi kitu leo, kwa kuwa isipoandikwa haitakuwapo ya kupunguza kesho.

Tena gharama zahitaji ushahidi. Tangu Januari 2024, gharama ya biashara haikubaliwi ila iwe na ankara ya kielektroniki iliyotolewa katika mtambo wa KRA uitwao eTIMS, isipokuwa kwa mambo machache kama mishahara. Mkulima aliyenunua mbolea kwa risiti ya kuandikwa kwa mkono ana karatasi, lakini hana gharama mbele ya sheria. Kwa upande wa pili, mkulima mdogo anayeuza mazao yake, ambaye mauzo yake hayazidi Sh. 5,000,000 kwa mwaka, alipewa nafuu mwishoni mwa 2024: mnunuzi ndiye atoaye ankara hiyo kwa niaba yake. Ni vema wakulima wa mboga na maziwa walijue hili, kwa sababu wako wanunuzi wanaowarudisha watu na magunia yao kwa kisingizio kwamba hawana eTIMS.

NENO LA SIRI NA BARUA PEPE

Katika vyumba vingi vya kompyuta pana daftari kubwa chini ya meza. Ndani yake mna majina ya wateja, namba zao za PIN, na maneno yao ya siri, ya mwaka hadi mwaka. Kijana huliweka kwa nia njema, kwa kuwa wateja husahau. Lakini mwenye daftari hilo anaweza kuingia katika mambo ya fedha ya nusu ya mji, na siku litakapoibwa hakuna atakayeamini kwamba halikuuzwa. Neno la siri liandikwe na mteja mwenyewe kwa vidole vyake, mteja aketi hapo mpaka kazi iishe, na akiondoka alibadilishe.

La barua pepe ni baya zaidi, ingawa halionekani. Watu wengi waliandikishiwa PIN na wengine, nao hawakuwa na barua pepe. Aliyewaandikisha akaweka ya kwake, au ya saiba. Tangu siku hiyo kila ilani ya KRA, kila dai na kila onyo humfikia mtu asiyehusika. Mteja hukaa kijijini akidhani hadaiwi, kumbe barua tatu zimelala katika sanduku la mtu aliyehama zamani. Mjazaji mwangalifu, kabla ya kugusa hesabu yo yote, hufungua maelezo ya mteja na kutazama barua pepe na namba ya simu ni za nani. Kama si za mteja, hizo ndizo za kubadilishwa kwanza. Asiyeweza kubadilisha mwenyewe ataelekezwa katika ofisi ya KRA au dawati lake kwenye Huduma Centre, ambako msaada wa kujaza ritani hutolewa bure. Kijana asiogope kuwaambia wateja habari hiyo ya bure. Atakayerudi kwake atarudi kwa sababu anamwamini.

BAADA YA KUTUMA

Kabla ya kubonyeza, jumla isomwe kwa sauti mbele ya mteja: umepata hiki, umekatwa hiki, unadaiwa hiki, au hudaiwi. Mteja akisema, "Lakini nina kibanda cha M-Pesa pia," ni afadhali aseme sasa. Kisha stakabadhi ichapishwe, na P9, hati za bima na hesabu za shamba zifungwe pamoja nayo katika bahasha moja na kuandikwa mwaka juu yake. Sheria yataka kumbukumbu hizi zitunzwe miaka mitano.

Aliyechelewa kupita Juni 30 atatozwa Sh. 2,000, au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa, kwa kufuata iliyo kubwa. Mwenye sufuri naye hutozwa hiyo Sh. 2,000, jambo linalowauma sana vijana wasio na kazi, na si bila haki. Aliyekosea anaweza kuituma ritani ya masahihisho katika muda wa miaka mitano, na ni bora kuisahihisha mwenyewe kuliko kungojea kuulizwa. Aliyejaziwa sufuri kwa makosa ndani ya muda huo, kwa mfano, bado ana nafasi akiitafuta P9 ya mwaka unaohusika. Mwajiri aliyeacha kumfanyia kazi bado ana nakala.

Na ikiwa KRA imemwandikia mteja kwamba anadaiwa zaidi ya alivyotangaza, naye haafiki, ana siku 30 za kupinga kwa maandishi, akieleza ni sehemu gani asiyoikubali na kwa sababu gani, na kuambatisha karatasi zake. Sehemu asiyoipinga hana budi kuilipa au kupatana na Kamishna namna ya kuilipa. Siku 30 hizo huhesabiwa tangu alipojulishwa, na taarifa hupelekwa kwenye ile barua pepe iliyoandikwa katika PIN yake.